Tulivyochelewa Ngomeni

Baba mdogo Zakaria alipofariki mwaka huu, habari ilinikuta ghalani, wakati wa mapumziko, nimeshika kipande cha mkate. Nilifungua simu nicheke kidogo, maana kwenye kundi letu la kanisa hakosekani mtu wa kutuma kichekesho, nikakutana na picha yake amevaa ile suti ya kahawia, pembeni wamemwekea mshumaa, na chini yake mikono ya kuomba imejipanga kama wanakwaya. Ndivyo nilivyojua. Nilimaliza ule mkate, sijui kwa nini, nikarudi kufunga masanduku, na msimamizi aliponiuliza kama niko mzima nikamjibu niko mzima. Tulimzika Columbus. Baada ya mazishi tulikaa kwa dada yake, shangazi Neema, kule Westerville, kwenye chumba chake cha chini chenye zulia la kijani, tunakunywa chai ya maziwa, na kijana mmoja akasema siku hizi ni afadhali, habari inafika upesi, mtu hateseki. Nilimtazama shangazi, naye akanitazama, na nilijua tumerudi wote wawili mahali pamoja: juu ya ukuta wa mawe, upepo unatupiga, Canada iko ng'ambo ya mto, mwaka ule ambao baba mdogo aliendesha gari kutoka Louisville mpaka Buffalo huku amebeba kifo cha kaka yangu, na mimi niko kiti cha mbele naimba.

Kwetu sisi watu wa milima ya Kivu ya Kusini, habari ya kifo inapelekwa na watu. Mfiwa haambiwi akiwa peke yake, wala akiwa kazini, wala akiwa njiani, wala akiwa na njaa. Wanaojua wanatafutana kimya kimya, wanachagua nani atasema, wanamleta yule mtu kwa sababu nyingine kabisa, wanamlisha vizuri kwa vile wanajua akishasikia hatameza kitu kwa siku nyingi, halafu ndipo mmoja anakohoa. Nilikulia ndani ya desturi hiyo. Nimeshawahi kutumwa kumwita jirani shambani kwa uongo kwamba mgeni wake amefika. Na bado ilipofanywa kwangu mimi sikuitambua hata kidogo.

Mwaka ule nilikuwa naishi na baba mdogo Louisville, vyumba viwili ghorofa ya tatu, kochi langu likitazama dirisha na dirisha likitazama maegesho ya magari. Nilikuwa kijana wa furaha. Ghalani nilikuwa nasukuma mizigo huku kichwani nimeshajenga: shamba dogo nje ya mji, kule ambako majani ni mengi mpaka unaona uchungu kwamba hakuna anayeyala, ng'ombe wachache, mama yangu anatoka Buffalo anakuja kukaa barazani, na Muhire, kaka yangu, ndiye anawapa ng'ombe majina. Muhire alibaki milimani. Kule kambini tulikokuwa wakimbizi, kesi yake ya kuja Amerika ilitenganishwa na yetu, akaambiwa asubiri, akasubiri mpaka akachoka, akarudi kwa ng'ombe. Jumapili alikuwa anapanda kilima kutafuta mtandao, ananipigia, na mimi namweleza shamba langu kana kwamba nimeshalinunua.

"Hao ng'ombe ya Amerika banakula nini?" aliniuliza.

"Mahindi."

"Na wakati ya mvua?"

"Mahindi tu."

"Bon, hao haiko ng'ombe. Ni kuku kubwa."

Nilicheka mpaka baba mdogo akagonga ukuta. Nikikumbuka mwaka ule, kicheko hicho ndicho cha mwisho ninachokisikia vizuri. Baada ya hapo vita ilikizunguka kijiji chao. Vijiji vya pembeni viliungua kimoja baada ya kingine, watu wakajibana pamoja kuzunguka kambi ndogo ya askari, barabara zikafungwa, chumvi ikawa kitu cha kuota. Muhire alituambia wamechimba shimo refu nyuma ya nyumba, na watoto wanafundishwa kukimbilia humo bila kulia. Jumapili nyingine alipiga, nyingine hakupiga, kisha Jumapili zikawa zinapita tu. Nilikuwa namtumia sauti ndefu, namwambia habari za theluji, za mpira, za msichana wa kwaya anayeimba kwa pua, na chini ya kila sauti ilibaki ile tiki moja ya kijivu, haitaki kuwa mbili. Niliitazama kabla ya kunawa uso. Niliitazama chooni, kazini, katikati ya maombi. Nilianza kuongea na Mungu kama mtu anayepunguza bei sokoni. Kwanza nilimwomba amlete Muhire Amerika. Baadaye nikamwomba apige simu tu. Mwisho nikawa naomba tiki ya pili, hata asijibu, hata akae kimya mpaka Krismasi, mradi tiki iwe mbili.

Ilikuwa mwezi wa kumi baba mdogo aliponikuta jikoni nachemsha chai. Alisimama mlangoni na koti lake, hakukaa.

"Jitayarishe, tunaenda Buffalo. Mama yako anahama, anatoka East Side anaenda North Buffalo. Iko na lazima ya mikono."

"Na kazi yangu?"

"Nimeisha ongea na bosi yako."

Bosi wangu wa wakati huo alikuwa mtu ambaye ukimwambia jino linauma anakuuliza lipi. Sasa amenipa juma zima, tena kwa kazi ya kuhamisha makochi. Nikasema moyoni, Mungu amemgusa. Garini baba mdogo alisema simu yake imeharibika, akachukua yangu ituongoze njia, akaibandika mbele yake na kuniambia nisiiguse tusije tukapotea. Sikuigusa. Niliimba. Niliimba sauti ya kwanza, nikaimba ya tatu, nikamlaumu kwamba yeye haimbi besi leo, akasema koo linamwasha. Mashamba ya Ohio yalikuwa yamevunwa, udongo mtupu pande zote, na mimi nilikuwa nayagawa kwa macho: hapa zizi, hapa nyumba, hapa Muhire.

Tulilala Westerville. Shangazi Neema alikuwa amepika kama mtu anayepokea mchungaji: wali, sombe ya majani ya muhogo, mbuzi, na kuku ambaye alimfuata mbali kwa mkulima mmoja kwa sababu wa dukani, alisema, wana nyama ya sabuni. Alinipakulia wa kwanza, kabla ya kaka yake, na juu ya wali wangu akaweka firigisi. Kwetu firigisi ni ya mwanamume mkubwa wa nyumba. Nilimwangalia baba mdogo, naye akainama kwenye sahani yake kama hakuona. Nikajisikia nimekua. Binti wa shangazi, Divine, mtoto wa shule ya msingi, alikuwa ananitazama bila kula, na ghafla akaniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yao, eti nina huzuni sana?

"Hapana," nikamjibu, "nina njaa sana."

"Divine, panda juu," shangazi akasema.

"Sijamaliza kula."

"Panda na sahani."

Hakuna mtoto aliyewahi kuruhusiwa kupanda na sahani kwenye nyumba ile yenye mazulia meupe. Nililiona hilo, nikaliacha lipite. Baadaye nikiwa nimejilaza kwenye kochi niliwasikia jikoni, maji ya bomba yanafunguliwa na kufungwa.

"Na mama yake?" shangazi aliuliza.

"Hajue kitu. Anatoka kazi saa kumi."

"Nani atasema?"

"Miye."

"Utaweza, Zaka?"

Maji yakafunguliwa tena. Na mimi, badala ya kuogopa, nilivuta blanketi mpaka kidevuni nikatabasamu gizani, maana nilishafumbua fumbo lote. Wamenitafutia mchumba. Mambo yote yalikaa sawasawa: safari ya ghafla, uongo wa kuhamisha vitu, firigisi, mama kufichwa ili ashtukizwe, na hasa lile swali la nani atasema, kwa kuwa kwetu huendi kumposa msichana bila msemaji. Nilijua hata ni nani. Nilijua ni yule wa kwaya anayeimba kwa pua, ambaye ndugu zake wako Buffalo. Nililala nikipanga nitakavyomweleza Muhire, na atakavyouliza ng'ombe wa mahari watakula nini.

Kesho yake shangazi alipanda gari nasi, akakaa nyuma na kikapu cha chapati. Tulipopita Cleveland nilishindwa kujizuia.

"Shangazi, ni mrefu?"

"Nani?"

"Huyo tunayemwendea."

Alinyoosha mkono akanishika bega, akaniambia, "Kula chapati, mutoto wangu." Nilikula. Alinipa nyingine.

Tulifika Buffalo mchana, mapema mno. Mama alikuwa bado yuko kazini, kwenye nyumba ya wazee anakowaogesha na kuwalisha, na kwake hatukuweza kwenda kumsubiri. Sababu yake sikuambiwa, lakini leo naijua: majirani wangetuona watatu tumekaa kwenye ngazi, na habari ingemkuta kituo cha basi. Baba mdogo akazunguka mitaa miwili bila kusudi, kisha akasema, "Si ulikuwa unataka kuona mpaka?" Ni kweli, tangu mama ahamie huko nilikuwa namsumbua kwa simu anipeleke nikaone mahali Amerika inapoishia. Basi tukaendelea kaskazini kufuata mto, mpaka unapoingia ziwani, na pale kwenye kona ilikuwepo ile ngome ya zamani waliyoifanya makumbusho.

Nilikuwa sijawahi kuingia makumbusho yoyote. Nilitegemea vyungu. Nikakuta vilima vya udongo vilivyooteshwa nyasi, vimekatwa kwa pembe kali, mahandaki chini yake, mizinga imeelekezwa majini, na katikati jengo kubwa la mawe ambalo kwa mbali ungesema ni nyumba ya tajiri. Ng'ambo ya mto kulikuwa na miti, bendera, paa za nyumba. Canada yenyewe. Nilisikitika kidogo kwamba ilifanana na huku. Aliyetuongoza alikuwa mzee mzungu aliyevaa koti la askari wa zamani lenye vifungo vya shaba, na miwani ya kisasa puani. Kiingereza cha shangazi ni cha dukani na cha baba mdogo ni cha kiwandani, kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa natafsiri, na nilitafsiri kwa madaha, mikono na yote, kama mkalimani wa mchungaji mgeni.

Tulisimama juu ya ukuta, mzee akatuonyesha uwanja wa nyuma ulipokuwa msitu. Akasema hapo vita ilikuwa ya kuzingirwa. Adui alikuwa anachimba mahandaki usiku, na kila asubuhi waliokuwa ndani wanaamka wanaona yamesogea. Nilitafsiri, nikaongeza langu, kwamba Muhire na wenzake nao wamechimba. Shangazi akasema "ehe" kwa sauti ndogo. Mzee akaendelea: watu wa ndani walikuwa na tumaini moja tu, wenzao waliokuwa wanakuja kwa njia ya mto kuwaokoa. Asubuhi moja walisikia bunduki upande wa msituni, nyingi, kisha kimya. Wakawa wanaitazama ile njia. Alisema maneno mengine, na mimi nikageuka kuwaelekea wangu, nikayatoa kwa Kiswahili chetu kama nilivyotoa mengine yote.

"Anasema, bale banangojewa balikuwa bameisha kufa, pale pale njiani, karibu kabisa. Lakini hawa ba ndani hakuna mutu amebaambia. Donc, banaendelea kubangoja."

Shangazi alikuwa ameshika ukingo wa mawe kwa mikono miwili na macho yake yako majini. Baba mdogo alivua kofia. Kulikuwa na baridi, upepo unatoka ziwani umebeba manyunyu, na yeye amesimama na upara wake anaigeuza kofia, anaigeuza. Mzee yule aliongeza kwamba adui alituma mtu aingie kuwapa habari, nao wakakataa kuamini, wakaomba kwanza mtu wao aende akawaone kwa macho. Hayo sikuyatafsiri. Bosi wangu, simu yangu, sahani ya Divine, firigisi, chapati, vyote nilivyokuwa nimevipanga vikawa harusi viliondoka kimoja kimoja mbele yangu, vikaenda kukaa mahali vilipokuwa siku zote. Mzee akauliza kama tunataka kuendelea na vyumba vya ndani au tumechoka. Nikasema kwa sauti kubwa, "Tunaendelea."

Nimefikiri sana kuhusu saa zile. Sikuwa na ujasiri wowote, kama shangazi anavyopenda kuwasimulia watu. Nilikuwa mtu anayezama ambaye amegundua kwamba maadamu anauliza maswali, maji hayapandi. Mle ndani ya ngome wasingeniambia. Nilijua desturi, hawasemi mbele ya mgeni, hawasemi njiani. Basi muda tuliokuwa mle ndani, Muhire alikuwa bado hajafa kwa namna ya kusemwa. Niliomba tuone tanuri la mikate. Niliomba tuone ghala la baruti, ambalo kuta zake ni nene mpaka sauti yako inarudi imechoka. Tukaona kikanisa, vitanda vya askari vya mbao, kisima walichokichimba ndani ya nyumba ili wasitoke nje kutafuta maji. Niliinama kwenye kisima muda mrefu. Niliuliza watoto walikuwepo? Niliuliza chumvi waliiweka wapi. Mzee alifurahi sana. Alisema ni mara chache anakutana na kijana anayependa historia hivi, akatufungulia na chumba ambacho, alisema, wageni hawaonyeshwi sana, chenye viatu vya askari vilivyofukuliwa. Na baba mdogo, ambaye alikuwa na watu wanaomsubiri, ambaye saa ilikuwa mkononi mwake, hakunihimiza hata mara moja. Kila niliposema "na pale?" aliitikia, "Tuende tuone." Leo, baada ya kumzika, nafikiri naye alikuwa anang'ang'ania vile vyumba kama mimi.

Walipofunga tulitoka. Kwenye maegesho lilibaki gari letu tu.

"Baba mdogo," nikasema, "mama anajua?"

"Hajue."

Hivyo ndivyo nilivyoambiwa kwamba kaka yangu amekufa.

"Alikuwa kilimani?" nikauliza.

"Kilimani," akasema. "Na simu mukononi." Kisha akanishika kichwa kwa mikono miwili kama mtoto mdogo, paji la uso wake kwenye langu, tukakaa hivyo, na shangazi akatulalia mgongoni, na sikumbuki ni nani kati yetu alikuwa anatoa ile sauti. Baadaye baba mdogo alinipangusa uso kwa kofia yake. "Sikia, Rukundo. Tulikuleta sababu mama yako haiwezekani aambiwe bila mutoto karibu. Weye peke yako njo umebaki. Utaingia, utamusalimia. Akikupa chakula utakula. Utamaliza. Halafu miye nitasema. Utaweza?"

Nilisema nitaweza. Nilinawa uso kwa maji ya chupa. Tulirudi East Side, na tulipoikaribia nyumba niliona kwenye mtaa wa pembeni magari yamejipanga, taa zimezimwa, na ndani yake watu ninaowajua, mchungaji, wanakwaya, mama wa kanisa na vitambaa vyao, wamekaa kimya wanangoja kuitwa. Tulipopita waligeuza nyuso zao upande mwingine, wote pamoja, ili nisiwaone.

Mama alikuwa bado na nguo zake za kazi za buluu. Alifungua mlango, akatuangalia mmoja mmoja, shangazi, baba mdogo, mimi. Sikuona masanduku, wala kitu kilichofungwa. Mapazia yake ya maua yalikuwa mahali pake. Hakuuliza tumefuata nini. Mama yangu, ambaye ukichelewa kutoka dukani anataka kujua ulisalimiana na nani, hakuuliza. Alisema, "Ingieni, baridi," akaenda jikoni, na tukasikia sufuria.

"Umekonda," aliniambia akiwa jikoni. "Ku Louisville hamupikake?"

"Tunapika, mama."

"Baba mudogo yako anapika nini? Mayai?"

"Mayai," baba mdogo akasema.

Alileta bugali, maharagwe, mboga, maziwa kwenye kikombe kikubwa. Aliweka mbele yetu wote, lakini mkono wake ulikuwa unakuja kwangu tu. Nilikata bugali, nikachovya, nikameza. Nyingine, nikameza. Aliketi mkabala nami, akaongea habari za bibi mmoja anayemtunza kazini, ambaye kila asubuhi anamuuliza jina lake na kila asubuhi anasema ni jina zuri. Nilicheka mahali pa kucheka. Nilikuwa nasukuma chakula kwa maziwa, na aliona maziwa yanapungua, akaongeza. Akaongeza na maharagwe. Shangazi alikuwa ameinama anakunjakunja pindo la kitenge chake. Baba mdogo hakugusa sahani. Mama hakumhimiza ale, yeye ambaye kumwona mgeni haonji ni tusi kwake. Alikuwa anaangalia sahani yangu, bugali inavyopungua, kama mtu anayetazama maji yanayochemka.

Nilimaliza. Aliichukua ile sahani, akaenda nayo, tukasikia anaiosha, peke yake, bila haraka, na kuifuta. Akarudi anakausha mikono kwenye nguo yake ya kazi. Alivuta kiti akakileta mpaka kilipogusana na changu, akakaa, akashika mkono wangu akauweka kwenye paja lake, akaufunika na wake wote wawili. Kisha akamtazama baba mdogo.

"Bon, shemeji," akasema. "Mutoto amekula. Sasa museme."